Chembe za polima dhidi ya saratani: dawa inafika wapi?

Dawa nyingi za tibakemikali hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi, ziwe za saratani au zenye afya. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, mdomo huota vidonda na kinga ya mwili hushuka. Chembe za nano, yaani chembe ndogo mno za kubebea dawa, zinatafitiwa ili dawa ileile iingie zaidi kwenye uvimbe na kuumiza kidogo kwingineko.

Chembe hizi zinaweza kutengenezwa kwa polima, yaani kemikali yenye minyororo mirefu ya molekuli, kama plastiki. Polima moja inayotumika sana ni PLGA, ambayo imekuwa ikitengenezewa nyuzi za kushonea vidonda vya upasuaji, zile zinazoyeyuka zenyewe. Mwilini humomonyoka taratibu huku ikiachia dawa kidogo kidogo, na mabaki yake huishia kuwa maji na kaboni dioksidi. Chembe nyingi zina upana wa nanomita 10 hadi 200 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Unywele mmoja unakaribia nanomita 80,000.

Mwaka 1986 watafiti wa Japani, Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda, walieleza kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, hivyo molekuli kubwa hupenya na kunasa humo. Matumaini mengi yalianzia hapo. Faida nyingine, ambayo naona haisemwi vya kutosha, ni ya kuyeyusha dawa. Paclitaxel, dawa ya tibakemikali, haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo huchanganywa na kiyeyushi kitokanacho na mafuta ya mbarika, nacho huwaletea baadhi ya wagonjwa mzio mkali. Mwaka 2007 Korea Kusini iliidhinisha paclitaxel iliyofungwa ndani ya chembe za polima, bila kiyeyushi hicho.

Kwa upande wa utambuzi, chembe hupakiwa rangi inayong'aa ikimulikwa, au madini yanayoonekana kwenye MRI, kipimo kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Watafiti wanataka daktari wa upasuaji aone mpaka wa uvimbe akiwa bado anakata.

Lakini tuseme ukweli. Mapitio ya mwaka 2016 ya tafiti za wanyama yalionyesha kwamba, kwa kiwango cha kati, asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa hufika kwenye uvimbe. Nyingi hunaswa na ini na wengu. Anayekuuzia “tiba ya nano” inayomaliza saratani yote, mwombe namba ya usajili kutoka mamlaka ya dawa. Na ukialikwa kwenye majaribio halali, una haki ya kuuliza dawa imejaribiwa kwa nani, na kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu ya kawaida.