Chipukizi wa NFL na Namba ya Kikosi cha Kwanza: Yanayosemwa Vijiweni na Yaliyotokea Kweli

Kila Aprili klabu 32 za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, huchagua wachezaji waliotoka vyuo vikuu vya Marekani kwa raundi 7 (ndiyo drafti), na klabu iliyovurunda zaidi msimu uliopita ndiyo inayotangulia kuchagua. Ikifika Mei mashabiki wameshagawanyika. Huyu anataka chipukizi apewe namba leo leo, yule anataka asugue benchi mwaka mzima "ajifunze kwanza". Mifano wanayotupiana ni ileile kila mwaka, na mingi inasimuliwa nusu.

"Wa raundi ya kwanza hagombei namba, namba ni yake"

Zamani kauli hii ilikuwa na mantiki ya fedha. Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza na St. Louis Rams mwaka 2010, alisaini miaka 6 kwa dola milioni 78, na milioni 50 kati ya hizo zilikuwa za uhakika, acheze asicheze. Kocha gani angethubutu kumweka benchi? Mwaka uliofuata ligi na chama cha wachezaji wakasaini makubaliano mapya yaliyobana mishahara ya chipukizi. Cam Newton, wa kwanza mwaka 2011, akapata kama milioni 22 kwa miaka 4.

Kwa bei hiyo klabu inaweza kuvuta subira. Kansas City Chiefs walimchukua Patrick Mahomes nafasi ya 10 mwaka 2017, kisha wakamkalisha nyuma ya Alex Smith. Akaanza mechi 1 tu, ya kufunga msimu wa kawaida, dhidi ya Denver. Mwaka 2018 alirusha pasi 50 za tachidauni (mpira kufikishwa mwisho wa uwanja wa mpinzani) na kutajwa mchezaji bora wa ligi. Ila wanaoupenda mfano huu husahau upande wa pili: miaka hiyo 4 ya mshahara mdogo haisimami kumngoja mtu. Ukimkalisha mmoja, umebakiza mitatu.

"Ukimchezesha mapema unamharibu"

Hapa hutajwa David Carr. Mwaka 2002 Houston Texans, klabu iliyokuwa inaanza ligi mwaka huohuo, ilimkabidhi ukwotabeki, nafasi ya mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, tangu mechi ya kwanza, na msimu ule aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara 76. Rekodi hiyo ipo hadi leo. Sawa. Lakini Peyton Manning naye alianza mechi zote 16 za msimu wake wa kwanza, 1998, na pasi zake 28 zikanaswa na wapinzani, rekodi mbaya kwa chipukizi ambayo nayo bado haijavunjwa. Timu yake, Colts, walishinda mechi 3 na kupoteza 13. Mwaka uliofuata wakashinda 13 na kupoteza 3, kwotabeki akiwa yuleyule. Kwa maoni yangu, kilichomponza Carr ni ukuta mbovu wa wachezaji wa kumlinda uliosimama mbele yake, na ukuta ule ungemponza hata angesubiri mwaka mzima.

"Asiyeanza hachezi"

Hili ni kosa la sisi tuliozoea soka, ambako akitoka mtu harudi. Kule wachezaji hubadilishwa bila kikomo. Adrian Peterson, mkimbiza mpira chipukizi wa Minnesota mwaka 2007, alianza msimu akitajwa wa pili nyuma ya Chester Taylor, lakini Novemba 4 mwaka huo alikimbia yadi 296 katika mechi moja, na hakuna aliyezifikia mpaka sasa. Wengine huonja ligi kupitia vikosi vya mateke, vinavyoingia pale mpira unapopigwa teke. Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga na kusajiliwa na Colts mwaka 2013 bila hata kupita kwenye drafti, aliingia uwanjani kwa mlango huo.

"Kambini kila mtu anashindana, bora atajitokeza mwenyewe"

Hii ndiyo dhana inayopotosha kuliko zote, kwa sababu makocha wenyewe huisema.

Kambi hufunguliwa na watu 90, na mwisho wa Agosti wanabaki 53. Zamu za mazoezi ya kumi na mmoja kwa kumi na mmoja zinahesabika, na nyingi huenda kwa kwotabeki wa kwanza. Wa tatu huokota makombo. Mbele yake kuna ukuta wa watu ambao bado wanachanganya miito ya mbinu, na anaowarushia mpira wengi wao watafungasha virago kabla ya Septemba. Pasi ikidondoka, kosa linaandikwa kwake. Mechi za kujipima nguvu nazo zimepungua kutoka 4 hadi 3 tangu 2021. Kocha akisema "ushindani uko wazi", muulize zamu amezigawaje.

Pete Carroll, kocha wa Seattle wakati huo, alizigawa. Mwaka 2012 Seattle ilikuwa imetoka kumsajili kwotabeki Matt Flynn kuja kuongoza timu, kisha ikamchagua kwotabeki mwingine, Russell Wilson, nafasi ya 75, raundi ya tatu. Flynn akaanza mechi mbili za kujipima nguvu. Ya tatu, dhidi ya Kansas City, Carroll akampa Wilson kikosi cha kwanza kizima. Siku chache baadaye namba ikawa yake. Timu ilishinda mechi 11 msimu ule, na uliofuata ikatwaa Super Bowl, fainali ya ligi.

Halafu kuna Tom Brady, ambaye hakosekani kwenye ubishi huu. New England Patriots walimchagua nafasi ya 199 mwaka 2000. Msimu wa kwanza alikuwa kwotabeki wa nne. Septemba 2001 kwotabeki wa kwanza, Drew Bledsoe, akaumia, Brady akaingia, na wasimuliaji wengi huishia hapo, kama vile jeraha ndilo lililompa namba. Bledsoe alipona Novemba. Machi mwaka huo alikuwa amesaini mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 103. Kocha Bill Belichick akaamua Brady aendelee. Januari 2002, nusu fainali kule Pittsburgh, Brady akaumia kifundo cha mguu. Bledsoe akaingia, akarusha pasi ya tachidauni, timu ikashinda. Wiki moja baadaye, kwenye Super Bowl, aliyeanza ni Brady.