Mzee aliyefiwa: lini ni majonzi, lini ni sonona

Kila Oktoba, kati ya Siku ya Wazee Duniani tarehe 1 na Siku ya Afya ya Akili Duniani tarehe 10, kliniki yetu husikia ombi lilelile: "Daktari, tangu baba afariki mama hayuko sawa. Mpe dawa." Wapo wanaomleta matanga hayajaisha. Wengine huja baada ya mwaka, mama amebaki mifupa, wakisema walidhani ni uzee. Hawa wa pili ndio wanaotuumiza.

Msihesabu machozi. Mwenye majonzi hulia akikiona kiti cha marehemu, kisha mjukuu akifanya kituko anacheka. Wengine husikia kikohozi cha marehemu usiku; hilo peke yake si wazimu, na halihitaji mganga wa kumtaja mchawi. Arobaini nayo si tarehe ya kufunga huzuni. Hata eda ya miezi 4 na siku 10 haikuwekwa ili mjane atoke amesahau.

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, haina nafuu ya namna hiyo. Kwa wiki 2 au zaidi, karibu kutwa nzima na karibu kila siku, mzee hafurahii kitu, hata wajukuu anawaona kero. Sikilizeni anavyojisema: "mimi mzigo tu hapa." Aliye katika majonzi humlilia marehemu, mwenye sonona hujilaumu hata kwa mambo yasiyohusu msiba. Wengi hawatasema wana huzuni. Watasema mwili unawaka moto, tumbo limejaa, usingizi umekata. Wengine husahau sana, ndugu wakadhani akili imezeeka.

Ipo pia hali ya majonzi yasiyolegea: zaidi ya miezi 6 mzee anamtamani marehemu kiasi cha kushindwa kuishi, kupita desturi za kwao. Shirika la Afya Duniani huihesabu kuwa tatizo peke yake, na tiba yake kuu ni mazungumzo.

Tafadhali, acheni kumnunulia mzee diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, dukani bila cheti cha daktari. Akiamka usiku kwenda chooni anaanguka, nyonga inavunjika, na msiba unakuwa wa pili.

Utaratibu wa kumleta kliniki: anzeni zahanati au kituo cha afya mpate barua ya rufaa, yenye mhuri, na majina yafanane na ya kitambulisho chake. Mwenye kitambulisho cha matibabu cha wazee aje nacho. Asiye nacho aulizie kwanza serikali ya mtaa au kijiji. Leteni dawa zote anazotumia, za kienyeji pia, ndani ya mfuko. Tutapima damu, kwa sababu upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huweza kufanana na sonona. Na aje mtu anayelala naye nyumba moja, si mtoto aliyefika jana kutoka mjini.

Familia nyingine huficha kwa kuogopa polisi. Ni kweli, Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Lakini mzee anayesema amechoka kuishi hajatenda kosa lolote. Ni mgonjwa anayehitaji kuonwa. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kufa hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, msisubiri rufaa wala siku ya kliniki: asiachwe peke yake, dawa na sumu za shambani ziondolewe nyumbani, aletwe dharura usiku huohuo.