Swali la dishi halikuwa na kasoro: mlinganyo wa parabola kwa kipeo na nukta moja

Tangu matokeo ya jaribio la hesabu yabandikwe, ofisi ya taaluma ya chuo chetu cha ufundi hapa Tanga imepokea malalamiko mengi kuhusu swali la dishi la satelaiti, lililotaka mlinganyo wa parabola, yaani mkunjo wa dishi hilo. Wanafunzi, na wazazi wao pia, wanasema tulitoa kipeo (nukta ambapo mkunjo unageuka, hapa chini kabisa ya dishi) na nukta moja tu, ilhali parabola inahitaji nukta tatu. Nukta tatu zinahitajika pale usipojua kipeo kiko wapi. Ukishapewa kipeo (h, k), na mhimili (mstari unaougawa mkunjo nusu kwa nusu) ukiwa wima, mlinganyo ni y = a(x − h)² + k. Kinachobaki kutafutwa ni a peke yake, na nukta yoyote nyingine ya mkunjo huo inatosha.

Dishi letu lina upana wa sentimita 180 na kina cha sentimita 30. Lilaze likitazama juu, sifuri iwe kitovuni. Kipeo ni (0, 0), ukingo ni (90, 30). Kwa hiyo 30 = a × 8100, a ni 1/270, na mlinganyo ni y = x²/270.

Waliopima kuanzia ukingo wa kushoto wamepata y = (x − 90)²/270. Nao wako sahihi, wamepewa alama zote. Aliyeandika (x + 90) amepeleka kipeo upande wa pili wa sifuri.

Kinachotusikitisha ni wingi wa walioandika y = x², kana kwamba a ni 1 siku zote. Weka 90 humo: unapata 8100, yaani dishi lenye kina cha mita 81. Kurudisha nukta kwenye jibu ni kazi ya nusu dakika, jamani, na tunaisisitiza kila kipindi.

Fundi wa madishi wa Ngamiani au Chumbageni hapa Tanga anaihitaji a hiyo. LNB, kile kifaa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, inakaa umbali wa 1/(4a) kutoka kitovuni, hapa sentimita 67.5. Ikikaa kwingine, mawimbi hayakutani mbele yake na picha inakatika. Tahadhari: hesabu hii ni ya madishi makubwa ya duara. Yale madogo yenye mkono mmoja ni kipande cha pembeni cha parabola, kipeo chake hakiko katikati.

Kuhusu alama: swali lina alama 5. Kuandika umbo la mlinganyo ni 1, kuingiza kipeo 1, kuingiza nukta 1, kupata a 1, mlinganyo kamili 1. Jibu sahihi lisilo na hatua linapata 1 tu, hata kama limetoka kwenye kikokotoo. Anayetaka kukata rufaa ajaze fomu ofisini ndani ya siku 7 tangu matokeo kubandikwa, aambatishe karatasi yake halisi. Nakala ya simu haipokelewi. Karatasi itasahihishwa upya yote na mkufunzi mwingine, na alama zinaweza kupanda au kushuka.