Ruzuku ya utafiti wa haki za binadamu kwa wanafunzi ni nini?

Ruzuku ni pesa anazopewa mtu kwa kazi maalumu, na akishaifanya hadaiwi chochote zaidi ya hesabu na ripoti. Hapo ndipo inapoachana na mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu ya Kenya), ambao mhitimu huja kuulipa, na basari, ambayo huishia kwenye karo. Chuo kikuu kinapotoa ruzuku ya utafiti wa haki za binadamu, kinamlipia mwanafunzi gharama za kwenda kuuliza: haki hii iliyo kwenye Katiba imewafikia watu hawa, au imekwama wapi?

Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa na ya maji safi, salama na ya kutosha. Sasa tazama Kibos, pembeni mwa mji wa Kisumu. Februari 2020, familia za Wanubi zilizoishi huko kwa vizazi zilibomolewa nyumba kando ya reli. Magazeti yaliandika, kisha yakahamia habari nyingine. Mwanafunzi anayetaka kujua familia zile zilikwenda wapi, watoto walirudi shuleni lini, na nani alipata notisi ya maandishi, ana kazi ya miezi. Kazi hiyo haifanyiki kwa simu akiwa hosteli.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya ruzuku ya aina hii huwa ni nauli. Kutoka Chuo Kikuu cha Maseno hadi Kisumu mjini ni kama kilomita 25, halafu kuna matatu nyingine na boda boda. Mzee anayeijua historia ya mahali hayupo Jumanne, unaambiwa urudi Ijumaa. Ijumaa kuna matanga. Safari ya tatu ndipo anapoketi nawe na kukufungulia mfuko wa plastiki wenye karatasi zilizokunjwa hadi mikunjo ikaanza kuchanika.

Nilijifunza jambo hili kwa uchungu. Nikiwa mwaka wa nne nilifanya utafiti mdogo kuhusu maji Nyalenda, mtaa wa mabanda mjini Kisumu. Nauli niliitoa kwenye pesa za chakula, na wiki ya tatu zikaniishia. Niliandika yale niliyokuwa nayo. Nyumba ambazo sikuzifikia zilikuwa zile za ndani kabisa, mbali na mfereji, ambako akina mama huamka alfajiri kupanga mitungi. Hao ndio niliostahili kuwauliza kwanza. Ripoti yangu ilisema hali ya maji ni ya wastani, na msimamizi akaipitisha. Kwa hiyo nikisema utafiti usio na pesa hupotosha, nina maana hii hasa: wanaosikika ni walio karibu na stendi.

Kwa kawaida mwanafunzi huandika pendekezo lenye swali, mbinu na bajeti, na kamati hulipima. Kisha kuna kamati ya maadili ya utafiti na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na hapo wengi hunung'unika kwamba wanacheleweshwa. Mimi naitetea kamati ya maadili. Mtu aliyebomolewa nyumba akikutajia jina la aliyeongoza ubomoaji, ameweka usalama wake mkononi mwako. Lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa maneno yake yatakwenda wapi, na kwamba anaweza kukataa bila kupoteza chochote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inaweza kukuhusu, hata kama data yako yote imo kwenye daftari moja.

Je, chuo kikilipa, kinanunua majibu? Hakipaswi. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa taaluma na wa utafiti wa kisayansi. Ni busara masharti yawekwe kwenye maandishi kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, hasa utafiti ukigusa chuo chenyewe, kwa mfano mishahara ya wanaofagia kumbi zake.

Kule Marekani, Chuo Kikuu cha California cha Berkeley kina kituo cha haki za binadamu tangu 1994, nacho hufadhili wanafunzi kwa kazi za namna hii. Kwetu, Mfuko wa Taifa wa Utafiti ulianzishwa kwa sheria ya 2013, na umewahi kutoa ruzuku kwa wanafunzi wa uzamili na uzamifu. Wa shahada ya kwanza hubaki akiitazama idara yake, na hilo linaniuma, kwa sababu wengi wa hao ndio waliozaliwa kwenye mitaa tunayoizungumzia.

Ruzuku ya namna hii inaweza kugusa pia uanaharakati, na upande huo huwatia wasimamizi wasiwasi, kwa kuwa wakisikia neno hilo wanaona mawe barabarani. Lakini Ibara ya 37 inaruhusu kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka, mradi ni kwa amani na bila silaha. Ruzuku inaweza kulipia barua ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016, ambayo afisa wa umma anatakiwa kuijibu ndani ya siku 21. Inaweza pia kulipia uchapishaji wa ombi la wakazi kwa Bunge la Kaunti ya Kisumu. Utafiti huonyesha hali ilivyo, uanaharakati hudai ibadilike, na mwanafunzi mmoja anaweza kufanya yote mawili mradi asikoroge hesabu za huku na za kule.

Kuhusu hesabu: mwendesha boda boda hana risiti. Andaa karatasi ya tarehe, safari, kiasi na sahihi, na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa. Na kwenye bajeti ongeza safari moja ambayo wengi huisahau, ile ya kurudi Kibos ripoti ikishakamilika, ili uisome kwa Kiswahili mbele ya waliokupa majibu nao wakusahihishe.