Kubandika video yenye matangazo kwenye tovuti: nani hasa hulipwa?

Dhana: Tangazo likitokea kwenye ukurasa wangu, pesa ni zangu.

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu inawachosha watu wenye bidii.

Jioni moja tulikuwa barazani Mji wa Kale, Mombasa, tunakunywa kahawa chungu. Rafiki yangu mwenye tovuti ya habari za Pwani akanipa simu yake nitazame. Habari ilihusu foleni ya feri pale Likoni: aya tatu, kisha video ya YouTube ya chaneli nyingine, ameibandika katikati. Nikabonyeza. Likatangulia tangazo la sabuni ya kufulia. "Waona?" akaniambia. "Hilo laniingizia." Nikamwomba anifungulie akaunti yake ya AdSense, mpango wa Google unaowalipa wenye tovuti kwa matangazo. Miezi saba alikuwa akibandika video mbili kila siku, na video hizo hazikuwa zimemletea hata senti moja.

Ukweli ni kwamba mapato ya tangazo lililo ndani ya video ya YouTube hugawanywa baina ya YouTube na mwenye video. Aliyeibandika kwenye tovuti yake hana fungu. Hata mwenye video hapati mpaka chaneli yake ikubaliwe katika mpango wa washirika: wafuasi 1,000, na juu ya hao ama saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, ama video zake fupi za Shorts zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Akishaingia, kwa video ndefu za kawaida hupata asilimia 55. Kabla ya hapo YouTube inaweza kuweka matangazo kwenye video zake na yeye asilipwe.

Kwa hiyo ukirekodi mwenyewe, ukapakia kwenye chaneli yako iliyokubaliwa, kisha ukabandika kwenye tovuti yako, hapo umefanya jambo la maana. Tofauti iko kwa mwenye video, si kwa mwenye ukurasa.

Dhana: Basi nijaze ukurasa video za watu, nizungushie matangazo yangu.

Masharti ya YouTube hayaruhusu kuuza matangazo kwenye ukurasa usio na kitu kingine ila video zake. Lazima kuwe na maandishi au kazi yako yenye thamani.

Dhana: Kampuni ikinipa kicheza video cha bure chenye matangazo, yaani kisanduku cha kuonyeshea video kwenye ukurasa, nitalipwa kila kinapofunguka.

Hapa kuna ukweli kiasi, ndiyo maana wengi hunasa. Zipo kampuni zinazomgawia mwenye tovuti sehemu ya mapato. Lakini hesabu hufanywa kwa kila matangazo elfu moja yaliyoonyeshwa, na si kila kicheza kinapofunguka hupatikana tangazo la kuonyesha. Bei nayo hutegemea mtazamaji yuko nchi gani. Halafu kuna suala la kuonekana: kwa kipimo kinachotumika sana, tangazo la video huhesabiwa limeonekana pale angalau nusu ya eneo lake inapokuwa kwenye skrini kwa sekunde mbili mfululizo. Msomaji akiteremsha ukurasa haraka, limepita.

Tufanye hesabu ya mfano. Kurasa zako zimefunguliwa mara 20,000 kwa mwezi, tangazo limepatikana nusu ya mara hizo, na bei ni dola 1 kwa elfu. Hizo ni dola 10, na kampuni bado haijakata chake. AdSense kwa mfano hailipi mpaka ufikishe dola 100. Utangoja karibu mwaka mzima.

Dhana: Video ikijianzisha yenyewe, mapato hupanda.

Tangu 2018 kivinjari cha Chrome huzuia video nyingi zisijianzishe kwa sauti, kwa hiyo hucheza kimya kule pembeni. Mwongozo wa 2022 wa IAB Tech Lab, shirika linaloweka viwango vya matangazo ya mtandaoni, nao uliitoa video ya namna hiyo katika daraja la juu la matangazo. Daraja hilo linataka sauti iwe wazi au msomaji awe amekusudia kutazama. Wanunuzi wa matangazo huilipia kidogo. Wakati huohuo msomaji wako wa Kisauni, aliyenunua bando la shilingi chache asome habari moja, anamaliziwa bando na video asiyoiomba. Mimi naona hilo ni kumdhulumu, na kesho harudi.

Dhana: Nikijifungulia kurasa mwenyewe, nitaongeza kidogo.

Akaunti inaweza kufungwa, na pesa zilizokusanyika zikazuiwa.

Rafiki yangu alikiondoa kile kicheza cha pembeni alichokuwa amekiweka pia. Video ya feri aliiacha, maana msomaji anaihitaji. Kisha akaenda kwa miguu hadi Mtaa wa Biashara, akazungumza na mwenye duka la leso, wakapatana bei ya mwezi: picha moja juu ya ukurasa, na video fupi ya leso mpya aliyoirekodi mwenyewe kwa simu palepale dukani. Malipo yaliingia kwa M-Pesa kabla hajatoka mlangoni.