Je, wajua? Kwa nini komedi ya Hitler ilirushwa mara moja tu

Mlango wa sebule unafunguliwa, Adolf Hitler anaingia na magwanda yake kutoka kazini, anamwita mpenzi wake, Eva Braun, kumjulisha kwamba amesharudi nyumbani. Hadhira ya studioni inampigia makofi. Ndivyo ilivyokuwa *Heil Honey I'm Home!*, komedi iliyorushwa nchini Uingereza tarehe 30 Septemba 1990. Haikurudi tena hewani, ingawa vipindi vingine kadhaa vilikuwa vimesharekodiwa.

Wengi huamini kwamba hasira za watu ndizo zilizoiua. Hasira zilikuwepo, tena za haki, lakini ukitaka kujua ilizaliwaje na ikafaje, anzia kwenye vita vya madishi.

Mwaka 1989 kampuni ya televisheni ya Sky ilianza kurusha matangazo yake kwa setilaiti ya Astra. Mshindani wake, BSB (British Satellite Broadcasting), alikuwa na leseni, setilaiti zake mwenyewe na dishi bapa la mraba, ila alichelewa kwa sababu vipuri vya kielektroniki vya ving'amuzi vyake havikuwa tayari. Alipoingia sokoni mwaka 1990 akiwa na chaneli tano, Sky ilikuwa imeshajaa mapaani. Ili kuwavuta watu, BSB ilihitaji vipindi vipya ambavyo BBC na ITV zisingethubutu kuvionyesha. Kampuni ya Noel Gay Television ikapewa kazi ya kuitengenezea vipindi chaneli ya BSB iitwayo Galaxy, na mwandishi Geoff Atkinson akaleta wazo lake.

Wazo lenyewe lilikuwa kuiga komedi za Kimarekani za miaka ya 1950, za aina ya *I Love Lucy*. Maandishi ya mwanzoni yalidai kwamba hizi ni kanda zilizopotea zikapatikana Marekani. Kila mhusika akiingia, makofi; mzaha ukitolewa, hata wa kitoto, vicheko. Hitler, aliyeigizwa na Neil McCaul, anaishi Berlin mwaka 1938, na majirani zake ni Arny na Rosa Goldenstein, Wayahudi wasiojua kubisha hodi. Katika kipindi hicho kimoja Waziri Mkuu wa Uingereza, Neville Chamberlain, anakuja kutembelea, na Hitler anahangaika kuwaficha majirani ugeni huo.

Sasa, kwa nini vipindi vingine vibaki kabatini? Komedi za studio hazitengenezwi wiki hii zikaonekana wiki hii. Waigizaji hufanya mazoezi kwa siku kadhaa ukumbini, sakafuni pakiwa pamebandikwa tepu kuonyesha mlango uko wapi na sofa litakaa wapi. Kisha huhamia studio, na jioni moja kipindi kizima hurekodiwa mbele ya hadhira kwa kamera kadhaa. Studio hukodiwa na waigizaji huajiriwa kwa mfululizo mzima, kwa hiyo kazi huwa imefika mbali kabla mtazamaji wa kwanza hajasema neno.

Neno lilisemwa mapema. Baraza la Wayahudi wa Uingereza lilipinga Vita vya Pili vya Dunia na mauaji ya Wayahudi kugeuzwa mzaha. Na wakati huohuo fedha za BSB zilikuwa zinakwisha. Mwezi Novemba 1990 iliungana na Sky, kwa kweli ikamezwa. Galaxy ikafungwa, na wakubwa wapya hawakuwa na haja ya kuendelea na komedi ile.

Atkinson alijitetea kwamba alilenga kuwakejeli waliombembeleza dikteta, na kwamba waigizaji wengi walikuwa Wayahudi. Namwamini. Kumcheka Hitler si dhambi. Mchekeshaji wa filamu Charlie Chaplin alimcheka mwaka 1940. Tatizo naliona kwenye sebule. Komedi ya sebuleni inataka kila ugomvi uishe na maisha yarudi kama kawaida wiki ijayo, na majirani waingie tena wakiwa wazima. Novemba 1938 huko Berlin, masinagogi yalichomwa, maduka ya Wayahudi yakavunjwavunjwa, na wanaume kwa maelfu wakapelekwa kwenye kambi za mateso. Mtazamaji anayejua hayo hawezi kumtazama Arny akiingia bila hodi kwa mwenye nyumba huyo akacheka, hata makofi ya studioni yawe makubwa namna gani.