Barafu isigonge glasi: Rivers, Head na mkono uliokatwa mshipa

Ukilitaja jina la W. H. R. Rivers, daktari na mwanasaikolojia Mwingereza, wengi hukimbilia Craiglockhart, hospitali ya wanajeshi karibu na Edinburgh ambako mwaka 1917 alimtibu mshairi Siegfried Sassoon. Sisi tunaopima hisia tunamjua zaidi kwa kazi iliyoanza 1903, katika vyumba vyake vya St John's College, Cambridge, akiwa na kipande cha pamba na sindano.

Mkono uliopimwa ulikuwa wa rafiki yake Henry Head, daktari wa mishipa ya fahamu wa London Hospital. Head alikuwa amewachunguza wagonjwa wengi waliokatwa mishipa hiyo kwa ajali, lakini mgonjwa wa kawaida huchoka upesi, na hajazoea kueleza kwa makini anachokihisi. Akaamua akatwe yeye. Tarehe 25 Aprili 1903 daktari wa upasuaji Henry Dean alipasua sehemu ya kiwiko cha kushoto, chale ya sentimita 16 hivi, akalikata tawi la mshipa wa radiali linalokwenda kwenye ngozi, akaondoa kipande kidogo, kisha akaziunga ncha kwa nyuzi mbili za hariri. Mshipa mwingine wa ngozi ulikatwa vivyo hivyo. Matawi haya hayaendeshi misuli, ndiyo maana Head aliendelea kuutumia mkono wake. Tangu siku hiyo hadi 13 Desemba 1907, mkono ulipimwa kwa siku 167.

Vifaa vilikuwa vya kawaida: pamba kwa mguso mwepesi, nywele za von Frey (kila unywele hupinda kwa nguvu inayojulikana), sindano kwa maumivu, bikari ya kuona kama mtu anatofautisha ncha mbili na moja, na mirija ya maji ya moto na ya baridi. Kazi hasa ilikuwa kuhakikisha kwamba anayejibu ni ngozi, si akili inayobahatisha. Head alifumba macho, lakini masikio hayafumbwi. Waligundua kwamba mlio wa barafu ikigonga glasi, au birika likiondolewa jikoni, ulitosha kumwandaa kusema "baridi" au "moto" kabla hajaguswa. Kwa hiyo Rivers alitayarisha kila kitu mapema: mirija ya barafu imekwisha kujazwa, majagi ya maji ya moto na baridi yako karibu na mkono wake, na anachanganya kimyakimya hadi joto analolitaka. Wala hakumhoji Head katikati ya mfululizo wa vipimo, kwani hata swali jepesi humwonyesha mtu unachokitafuta.

Uangalifu huu haukuwapo mwanzoni. Mwaka 1898 Rivers alikwenda na wanafunzi wake Charles Myers na William McDougall katika msafara wa mwanaanthropolojia Alfred Haddon kwenye visiwa vya Torres Strait, kati ya Australia na New Guinea. Huko, ili wenyeji wajitahidi, waliambiwa kuwa kuna wanaosema mtu mweusi huona na kusikia kuliko mzungu, na kwamba matokeo yao yataandikwa kwenye kitabu kikubwa. Hapo umekwisha kuyaharibu majibu. Lakini katika utafiti wake wa kileo na kafeini, uliochapishwa 1908, Rivers alikificha kinywaji chenye dawa na kisicho nayo kwa ladha ileile, asijue mnywaji amepewa kipi. Dozi ndogo za kileo zilizodaiwa kuongeza nguvu za misuli hazikuonyesha athari ya kuaminika.

Tuurudie mkono. Baada ya kukatwa, Head hakuhisi pamba wala mchomo wa sindano kwenye eneo lile, lakini ukimkandamiza kwa penseli alijua, kwa sababu hisia ya ndani hupitia njia nyingine. Baada ya wiki kadhaa ikarudi hisia kali isiyo na mipaka: mchomo mmoja uliuma kupita kiasi, ukaenea, na mara nyingine ukahisiwa mbali na palipochomwa. Maji ya uvuguvugu hayakutambulika. Hii waliiita protopathiki. Hisia ya pili, inayotofautisha ncha za bikari na joto la wastani, ilichelewa zaidi. Hiyo ni epikritiki. Wakahitimisha kuwa kuna mifumo miwili ya mishipa, mmoja wa kale na mmoja mpya unaoutawala.

Mimi naona walivyojikinga na mlio wa barafu, hawakujikinga na mawazo ya Hughlings Jackson, daktari Mwingereza wa mishipa ya fahamu. Wote wawili walikuwa wamelishwa nadharia yake ya ngazi za mfumo wa fahamu, ya juu ikiizuia ya chini. Head alikuwa mpimwa na mtunga nadharia kwa wakati mmoja, na Rivers alijua ameshika mrija upi. Mwaka 1909 madaktari wa upasuaji Wilfred Trotter na Morriston Davies walichapisha matokeo ya kukata mishipa yao wenyewe: waliona hisia zikirudi polepole bila hatua mbili. Ukali ule wa ajabu waliueleza kuwa ni mwasho wa nyuzi zinazoota upya.

Rivers hakuiacha nadharia yao. Kitabu chake cha 1920 kuhusu silika, kilichotokana na wanajeshi aliowatibu, kinaieleza hofu iliyokandamizwa kwa maneno yaleyale: protopathiki chini, epikritiki juu.